Chupa Kando ya Mtungi

Kitendawili: nimekualika mwenyewe, nimekufagilia uwanja mwenyewe, lakini ukibisha hodi natamani ardhi inifiche.

Wengi wangehangaika mpaka wakatoa mji. Adelfina hakuhitaji kuhangaika. Jibu lake lilikuwa linashuka kilima ndani ya gari jeupe la mradi, vumbi jekundu likilifuata nyuma kama mkia wa jogoo.

"Haya, mchota vinyesi wako huyo anakuja," alisema shangazi Speciosa, mdomo ameubenua kuelekea barabarani.

"Shangazi, jamani. Leo tu."

"Leo tu nini? Nimesema uongo?"

Hakusema uongo, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Kuanzia kijijini kwao hadi Benaco watu walimjua Maulidi kwa kazi hiyo. Kijana mtanashati, mtoto wa wenye duka la vitenge Biharamulo mjini, kasoma mpaka chuo kikuu, halafu kila wiki anaingia kambi ya Warundi, anavaa glovu zinazofika kwenye viwiko, anachuchumaa kwenye mfereji wa nyuma ya vyoo na kuchota. Akishachota, chupa anaifunga kwa upole, kama mtu aliyepata asali.

Hata Adelfina mwenyewe alianza kwa kumfokea. Yeye kazi yake kambini ilikuwa kuwafundisha akina mama kunawa mikono na kufunika maji, na siku ile alimkuta kwenye mfereji wake.

"Wewe kaka! Unataka kutusambazia kipindupindu?"

Kijana akainua uso. Mungu naye ana visa vyake, macho mazuri namna ile kuyaweka juu ya mfereji wa namna ile.

"Dada, kitendawili."

"Sina muda wa vitendawili."

"Mdogo kuliko mdudu, lakini humla mdudu aliyemlaza mtu."

Alikosa jibu. Alirudi kesho yake kulidai, akapewa, na keshokutwa yake akarudi tena ingawa hakuwa na deni lolote. Jibu lilikuwa virusi.

"Ee Mama Maria!" alishtuka. "Virusi?"

"Siyo vile unavyoviogopa wewe. Hivi mtu havimgusi. Vinamwinda bakteria wa kuhara damu, vinamwingia, vinazaana ndani yake mpaka anapasuka."

"Na ndiyo unavitafuta chooni?"

"Chui utamtafuta wapi kama siyo karibu na mbuzi?"

Adelfina akacheka, akaona haya kwamba amecheka. Siku nyingine Maulidi alimweleza habari ya jenomu. Kila kirusi, alisema, kina maandishi ndani yake, herufi nne tu zinazorudiwa na kurudiwa, ndiyo yanayosema kirusi hicho ni nani na kinaweza kufanya nini. Yeye huku alichuja maji na kukamata virusi. Dar es Salaam, na mbele ya Dar es Salaam huko ng'ambo, mashine zilisoma.

"Na mpaka visomwe," alisema, "sijui kama nimeshika rafiki au adui."

"Si umesema vinaua ugonjwa?"

"Vingine vinaua. Vingine vinabeba sumu. Vinamwingia bakteria mpole asiye na neno na mtu, na badala ya kumuua vinamwachia maandishi ya kutengeneza sumu. Analala mpole, anaamka muuaji. Tuliwahi kupata kimoja cha hivyo, kutoka mfereji huu huu. Kwa nje ukivitazama ni mapacha."

"Kama wanaume," alisema Adelfina.

Mapenzi yakaanzia hapo, kando ya maji machafu, na yakawa masafi kuliko mengi yaliyoanzia kwenye maua.

Sasa gari lilisimama chini ya mibuni. Alitangulia kushuka mjomba Shaban, mnene, kofia imekaa upande, tabasamu la mtu aliyeuza vitu maisha yake yote. Maulidi alishuka nyuma yake, kanzu nyeupe, na mkononi chupa imeviringishwa taulo bichi.

Adelfina alimfuata upande wa jikoni kama anayemwonyesha mahali pa kunawa.

"Fina, nimetoka kambini moja kwa moja," alinong'ona. "Barafu ya kwenye boksi imeyeyuka yote. Niwekee hii mahali pa baridi mpaka tumalize, jioni inaondoka na ndege ya Mwanza. Mtu asiiguse."

"Ndiyo ile ya kuhara damu?"

"Ndiyo hiyo. Nimeichuja, vimebaki virusi vitupu. Tafadhali, Fina."

Nyumba ile haikuwa na friji. Mahali pa baridi palikuwa pamoja tu, kwenye mchanga wenye unyevu unaozunguka mtungi wa maji ya kunywa. Aliisimika pale, akaifunika na ungo. Hakuona kwamba mama yake, Bernadetha, alikuwa kwenye kona amempakata mjukuu wake Ishimwe, na kwamba alikuwa anasikiliza.

Ishimwe alikuwa mtoto wa kaka yake Adelfina, Gidioni, ambaye yeye na mkewe walikuwa wamekwenda kijiji cha Nyabusozi kufungua shamba. Kamwaka kamoja na kidogo, na tangu jana tumbo lilikuwa limemharibika vibaya.

Nje, katikati ya wazee wenzake, mzee Pancras, baba yake Adelfina, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, shati la misa limefungwa vifungo mpaka kooni. Alikuwa mwenyekiti wa kigango, kanisa dogo la kijiji, mtu wa maneno machache na kahawa nyingi.

"Shikamoo, baba," Maulidi aliinama.

"Marahaba." Macho ya mzee yalimpima kuanzia kanzu hadi viatu. "Kaeni."

Bernadetha alimwacha mtoto kitandani akaja na vinywaji, rubisi, pombe ya ndizi, kwa wenyeji, na kwa wageni wasiokunywa pombe kibuyu cha mutobe, maji matamu ya ndizi. Alipiga goti mbele ya Shaban, akavuta funda moja kwanza mwenyewe, akameza, ndipo akampa. Kwao ndivyo. Anayeleta kinywaji huonja, aondoe shaka. Mtu anayekuletea kitu naye hakionji, huyo ana lake jambo.

"Mzee Pancras," Shaban alianza baada ya kuusifu mutobe, "mimi ni muuza vitenge. Mteja akishika kitenge kimoja tangu asubuhi mpaka jioni, simuulizi tena anataka kipi. Huyu mpwa wangu ameshika kimoja mwaka mzima. Nikasema twende kwa mwenyewe, kabla hakijachakaa kwa kushikwashikwa!"

Wazee walicheka. Pancras hakucheka, ila masharubu yalitikisika.

"Kitenge chenyewe kina kanisa lake," alisema.

"Hilo tutalikalia, mzee wangu. Hatukuja kuvunja altare."

"Mtalikalia wapi?" Speciosa alidakia. "Msikitini?"

"Shangazi, hata chini ya mgomba wako. Nimesikia ndizi zako hazina dini."

Walicheka tena, safari hii hata Speciosa alificha meno kwa khanga. Adelfina, aliyekaa mkekani na wanawake, alithubutu kuinua macho. Maulidi alikuwa anamtazama. Mtazamo mfupi, lakini ulimpita mwilini kama maji ya moto kifuani siku ya baridi. Alijisemea, inakwenda vizuri. Mungu wangu, inakwenda vizuri.

Speciosa akasimama kwenda kuteka maji ya kunawa mikono.

Aliporudi hakuwa na maji. Alikuwa ameishika ile chupa kwa ncha ya khanga, mkono umenyooka mbali na mwili, kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia.

"Kaka! Hii nini? Hii nini, kando ya mtungi wetu?"

Maulidi aliruka kwenye kiti. "Shangazi, naomba uiweke chini. Taratibu."

"Ahaa! Ni yake! Mmemsikia?" Sauti ilipanda. "Maji ya vyoo vya wakimbizi kando ya maji tunayokunywa! Mtoto mle ndani anaharisha tangu jana, na sumu hii hapa!"

"Bibi, sisi tumefika leo," Shaban alijaribu.

"Chupa imefika leo! Yeye anapita kisimani kwetu kila wiki! Anachota kule, anamwaga huku. Virusi hivyo! Hata kule kanisani tulitangaziwa habari za virusi!"

"Siyo hivyo vya UKIMWI, shangazi," Adelfina alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia ndogo. "Niliiweka mimi pale. Palikuwa na baridi."

"Wewe nyamaza. Umelishwa."

Mzee Pancras aliinua mkono, uwanja ukatulia. Hata kuku, ungesema, walisimama.

"Kijana. Chupa hii umeileta wewe?"

"Nimeileta mimi, baba. Kosa langu kuiingiza kwako bila kukuambia. Nisamehe kwa hilo."

"Ni sumu?"

Adelfina aliona midomo ya Maulidi ikifunguka, kisha ikafumba. Sema hapana, alimwomba kimoyomoyo. Neno moja tu.

"Sijui," Maulidi alisema.

Mnong'ono ulizunguka uwanja kama nyuki walioguswa mzinga.

"Hujui." Pancras alirudia polepole. "Kitu umekichota mwenyewe. Umekichuja mwenyewe. Umekileta nyumbani kwangu siku ya kuniomba mtoto. Na hujui."

"Nusu naijua. Najua virusi vilivyomo vinaua bakteria wa kuhara damu, nimeona kwa macho yangu kule kambini. Nusu nyingine ni maandishi yake ya ndani, na hayo bado hayajasomwa, yanakwenda kusomwa Dar es Salaam. Mpaka nipate majibu siwezi kukuambia ni salama, na siwezi kukuambia ni sumu."

"Hapa kwetu hatusomi," mzee alisema. "Tunaonja."

Aliichukua chupa kwa mkono mtupu kutoka kwa dada yake, akainyoosha.

"Funda moja. Ukimeza, nitajua hukuja kunidhuru, na mazungumzo ya binti yangu yataendelea kutoka pale yalipofika. Usipomeza, gari lako lile pale."

"Meza, mpwa wangu," Shaban alinong'ona, jasho linamtiririka. "Funda tu. Umekula mara ngapi kwa mama ntilie wa stendi ya Nyakanazi ukapona?"

Maulidi alikuwa ameshika chupa, hanywi, haiachi. Adelfina hakujua alisimama saa ngapi. Binti hasimami kwenye mazungumzo yake mwenyewe, lakini miguu ilimpeleka mpaka mbele yake.

"Maulidi. Uliniambia mtu havimgusi."

"Nilikuambia."

"Basi onja. Nakuomba. Kwa ajili yangu."

Maulidi akazungusha kifuniko. Kikafunguka. Chupa ikapanda, polepole, ikafika kidevuni, na uwanja mzima ukapanda nayo kwa pumzi moja.

Halafu ikashuka. Kifuniko kikarudi mahali pake.

"Siwezi, Fina."

"Huwezi au hutaki?"

"Pengine nikinywa tumbo lisinisokote hata kidogo. Siogopi tumbo langu. Lakini mkiniona nimeonja, nani ndani ya boma hili atakiogopa tena? Kwenu kuonja ni kuapa. Mnanitaka niapie kitu nisichokijua."

"Na mimi? Mimi siyo kitu cha kuapia?"

"Wewe nakuapia sasa hivi. Mbele ya baba yako, mbele ya mjomba, mbele ya shangazi anayenichukia. Nakupenda, na nitakuja kukuomba mpaka miguu iote sugu. Hilo nalijua. Hiki sikijui, na kwa hiki siapi. Hata kwa kukupata."

"Maneno matamu, koo kavu," alisema Speciosa.

Pancras alichomoa mrija wake kwenye kibuyu cha rubisi, akaukung'uta, akaulaza mapajani. Kila mtu alijua maana yake. Mazungumzo yamekwisha. Shaban alianza kutafuta viatu vyake kwa mguu. Adelfina alibaki pale pale, uso unamuwaka, na jambo lililomuuma kuliko yote halikuwa kukataliwa na baba. Lilikuwa kwamba aliomba, mbele za watu, na akanyimwa.

"Baba Gidioni. Ngoja."

Bernadetha alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Mkono mmoja ulikuwa na kikombe cha bati, mwingine na kijiko.

"Nilimimina," alisema.

"Ulimimina nini?"

"Kutoka kwenye ile chupa. Kabla ya Speciosa kuiona." Hakumtazama mtu. "Nilimsikia kijana akimwambia Fina ni ya kuhara damu. Na mtoto hashiki kitu tumboni, baba Gidioni, hata maji. Nikasema, hii ni dawa, ila sijui kama ni ya watoto. Nikawa nasubiri. Uliposema aonje nikamshukuru Mungu. Nilisema akionja tu, na mimi nampa."

Mzee alisimama. Kigoda kilianguka nyuma yake.

"Umempa?"

Mama alikichungulia kikombe.

"Bernadetha! Umempa mtoto?"

"Kijiko kilikuwa karibu na mdomo wake. Nilikuwa nachungulia dirishani. Niliona chupa inapanda, nikakiinua na mimi." Akashika mwimo wa mlango. "Nikasikia anasema siwezi. Sijampa. Kiko hapa chote. Sijampa."

Adelfina alijikuta amekaa chini, udongoni, na gauni lake jipya. Alilia kwa kile alichokuwa ameomba. Kwa ajili yangu, alikuwa amesema. Angesikilizwa, kijiko kile kingekuwa kimemezwa.

Wa kwanza kutembea alikuwa Maulidi. Alimpokea Bernadetha kikombe, hakukimwaga. Alikifunga pamoja na chupa ndani ya mfuko wa nailoni, akanawa mikono kwa sabuni mpaka juu, na kuinama kuingia chumbani bila kumwomba mtu ruhusa. Alirudi na Ishimwe kifuani. Alifinya ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

"Amekojoa leo?"

"Tangu alfajiri, hapana," Bernadetha alisema.

"Huyu ameishiwa maji. Hakuna cha kusubiri hapa, ni hospitali ya kambini sasa hivi. Fina, maji ya kuchemsha, sukari na chumvi, kama unavyowafundisha akina mama. Tutampa kijiko kijiko njiani."

Adelfina alikuwa ameshainuka. Mikono ilipopata kazi moyo nao ukapata pa kushika.

Speciosa alimfuata Maulidi mpaka kwenye gari, safari hii bila kubenua mdomo.

"Na angekunywa? Ingekuwaje?"

"Sijui, shangazi."

Neno lilikuwa lile lile, lakini mara hii shangazi alivua khanga yake ya juu, mpya, ya sikukuu, akamviringishia mtoto miguu.

Nyuma ya gari palijaa maboksi na mabomba, na mbele palikuwa na nafasi ya watu watatu waliobanana. Shaban alitazama kiti chake, akamtazama Bernadetha, akafungua mlango kwa mbwembwe.

"Panda, mama. Mimi nabaki rehani. Huyu asiporudisha binti, mnichinje. Ila mtafute Mwislamu wa kunichinja."

"Nani ale nyama ngumu hivyo?" alisema Speciosa, huku anapangusa macho. "Kaa chini, mutobe bado upo."

Adelfina alipanda katikati, Ishimwe mapajani. Mama yake alirudi ndani kuchukua kadi ya kliniki, na kwa kitambo kidogo walibaki wawili, bega kwa bega, injini ikinguruma chini ya miguu. Alikuwa na kijiko mkononi. Alimwekea mtoto tone kwenye ulimi, akasubiri. Tone lilimezwa.

"Nilikuomba," alisema bila kugeuka. "Nilikuomba mbele ya watu wote, ukaninyima."

"Nilikunyima."

"Tukioana, utaninyima tena?"

"Kwa jambo la namna hii, ndiyo."

"Hata nikilia?"

Alimwona, kwa pembe ya jicho, akishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Hata ukilia, Fina. Nitalia na wewe. Lakini nitakunyima."

Adelfina alichota kijiko kingine. Wasichana wengine, aliwaza, huambiwa nitakupa jua, nitakupa mwezi. Yeye ameambiwa nitakunyima. Na ajabu ni kwamba hapo ndipo alipoegemea, kidogo tu, bega lake likatulia kwenye bega lile, na lile bega halikusogea.

Bernadetha alipanda, mlango ukafungwa. Lakini mzee Pancras alikuwa amesimama upande wa dereva, mkono juu ya dirisha. Uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi. Alimtazama mjukuu, akamtazama binti, mwisho akamtazama kijana, na ikaonekana ana maneno mengi na hajui lipi liende mbele.

"Pale darajani," alisema, "mvua imechimba shimo kubwa. Shika kushoto. Usiende mbio, lakini usichelewe. Umesikia, mkwe?"

"Kaka!" Speciosa aligeuka. "Umemwitaje?"

Pancras hakumjibu. Alikuwa anapiga bodi la gari kwa kiganja. "Nendeni! Nendeni!"

Gari liliruka mbele. Adelfina alilisikia lile neno, na hakuthubutu kutabasamu, maana kichwa cha mtoto kilikuwa kizito na cha moto kwenye mkono wake. Alichota kijiko kingine. Migomba ilipita, kigango kikapita, na kisima. Walipofika darajani, Maulidi alishika kushoto.